Naomba ushauri: kusafisha sola juu ya paa la ghala

Habari zenu ndugu zangu. Nasimamia ghala la nafaka huku Namanve, nje kidogo ya Kampala. Juu ya mabati tuna paneli 180 za sola, na tangu kiangazi cha Desemba umeme umepungua sana. Vumbi jekundu la barabarani tunalimudu. Kinachonisumbua ni mavi ya kaloli, wale ndege wakubwa jamii ya korongo! Yakikauka juani yanaganda kama saruji, na doa moja likifunika seli chache linaweza kuvuta chini umeme wa paneli nzima, hata wa zile zilizoungwa nayo.

Vijana wangu wanasafisha alfajiri, maana maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Sabuni ya unga nimekataza. Lakini maji ya kisima chetu yana chumvi, yanaacha madoa meupe. Je, nivune ya mvua? Na hao ndege mnawafukuzaje?

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili: juzi kijana mmoja aliteleza kwenye mabati yaliyolowa, mwenzake akamdaka mkono. Nimesimamisha kazi. Mikanda ya usalama mnaifunga wapi kwenye paa kama hilo?