Wapiga gitaa mnaofanya kazi za sulubu, tupeane uzoefu

Karai Kichwani
Wakuu, jana nimeshika gitaa baada ya kutwa nzima ya kupandisha zege. Nikabana kodi ya F (kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja; ile ya nyumba inanibana kivyake). Kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi zote sita, lakini kilicholia ni kama mtu anagonga debe. Vidole vimevimba, ncha zina ganzi. Nikakumbuka nilivyokuwa napiga kabla sijaanza hii kazi, roho ikaniuma. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Randa
Karibu chamani.

Nyuzi Sita
Umenikumbusha mbali sana. Mchana nilikuwa napiga lipu, usiku napiga solo kwenye bendi. Watu wanadhani sugu za kazi zinasaidia gitaa. Wapi! Sugu za chepe zinaota kiganjani, kwenye mashina ya vidole. Gitaa linataka sugu za nchani, na hizo ndizo saruji mbichi inazozila. Inakausha ngozi mpaka inapasuka, na ufa ukikaa pale pale waya unapobonyezwa, kila noti unaisikia mpaka kwenye meno.

Sasa kuna siku tulimaliza lipu ya dari. Mnaijua dari: mikono juu kutwa, mwiko haushuki. Jioni nikanawa, nikaenda kwenye shughuli. Wimbo wa kwanza salama. Wa pili, katikati ya solo, kidole cha pete kikajikunja kikagoma kunyooka. Kimejifunga tu, kama bawaba iliyoshika kutu. Noti ikabaki inalia. Mpiga rizimu akanikonyeza akidhani ni mbwembwe, na watu wakapiga makofi! Nikakifungua kwa mkono wa kulia, kikalia "ta", machozi yakanitoka mbele za watu, wakazidi kushangilia. Nilimalizia kwa vidole vitatu.

Kesho yake asubuhi kimejikunja tena. Daktari akaniambia kano ya kidole imevimba, inakwama kwenye ala yake, na inawapata sana watu wanaokaza mikono kutwa. Akanifunga kibao, akasema nipumzike. Nipumzike, nani aende saiti? Usiku nakivaa, mchana nakivua. Ilichukua miezi.

Besi Nzito
Pole mkuu. Hapo kwenye makofi nimecheka, halafu nikajiona mbaya.

Rizimu Tu
Mkitaka kujipa moyo mfikirieni Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath. Ana miaka 17, yuko kiwanda cha mabati Birmingham, tena siku yake ya mwisho kazini, mashine ikakata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na jamaa anapiga kushoto, kwa hiyo ndivyo vidole vyake vya kubonyezea! Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia, akavivika ngozi, akaweka nyuzi nyembamba. Baadaye akalegeza na tyuni, yaani mkazo wa nyuzi. Ile sauti nzito ikaja kuigwa na dunia nzima.

Karai Kichwani
Mkuu, mastaa tuwaache. Mimi kesho saa moja nina karai.

Rizimu Tu
Ndiyo dawa yenyewe hiyo, hujasoma. Nyuzi nyembamba. Gitaa la umeme weka 09, la mbao weka 10 badala ya 12 (namba ndogo, uzi mwembamba). Shusha tyuni nusu sauti, halafu mpe fundi akushushie nyuzi zikaribie shingo. Utabonyeza kwa nusu ya nguvu.

Fundi Makini
Glavu jamani. Nusu ya matatizo yenu ni ubishi wa kutovaa glavu.

Chuma Moto
Usimwambie mtu avae glavu kabla hujamuuliza anashika mashine gani! Mimi ni fundi vyuma. Wiki hiyo nina onyesho Jumamosi, nikasema nilinde vidole, nikavaa glavu za pamba kwenye drili ya meza. Keekee ikanasa uzi mmoja. Mmoja! Kufumba na kufumbua glavu inazunguka na mkono umo ndani. Kilichoniokoa ni kwamba ilikuwa kuukuu, ikachanika. Nilitoka na kidole cha mwisho kimevunjika mara mbili, kucha sijui iliangukia wapi. Ingekuwa mpya leo ningekuwa naandika kwa pua.

Randa
Mungu wangu.

Besi Nzito
Nimesoma huku nimekunja vidole.

Fundi Makini
Mleta mada anabeba zege. Drili imetoka wapi?

Chuma Moto
Umeandika "glavu jamani". Panda juu usome.

Fundi Makini
Haya. Saruji, glavu za mpira. Tofali, glavu ngumu. Kinachozunguka, mikono mitupu na shati limekunjwa. Umeridhika?

Chuma Moto
Kidogo.

Besi Nzito
Na Jumamosi ilikuwaje?

Chuma Moto
Nilienda na bendeji, wakanipa manyanga. Nayo nikakosea.

Randa
Loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu ukitoka kazini, ndipo ushike gitaa.

Nyuzi Sita
Akitoka majini asishike! Ncha zimelainika, waya utazama kama kisu kwenye sabuni. Akae kwanza zikauke. Au apige asubuhi kabla ya kazi.

Randa
Asubuhi ndiyo vimekakamaa kabisa. Labda wewe unaamka kijana.

Besi Nzito
Ncha ikipasuka mimi naziba ufa kwa supagluu. Mke wangu hataki kuniona.

Fundi Makini
Na ukijigundisha kwenye gitaa?

Besi Nzito
Nitakuwa nimefanya mazoezi.

Nyuzi Sita
Utani pembeni, Karai. Ile ganzi inakuamsha usiku? Iko kwenye gumba, shahada na cha kati? Kama ndiyo, nenda hospitali, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi usiizoee, mi niliizoea ya kwangu.

Karai Kichwani
Usiku inaniamsha, ndiyo. Nitaenda. Ila leo nimeweka nyuzi za 10 na kushusha tyuni. F imelia nyuzi nne.

Rizimu Tu
Nne kati ya sita? Hiyo kodi pungufu, mwenye nyumba haipokei.