Nimehesabiwa meno mbele ya ukoo mzima, na mhusika mnamjua

Mpanda_Mlima ameandika:

Wanajamvi, nimeshuka mlimani leo hii na ninaandika kabla hasira haijapoa, maana ikishapoa nitaambiwa yamekwisha. Jina la mhusika sitalitaja, kwa sababu halihitaji kutajwa. Mnamjua. Ni yule mwenye ranchi, mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo, ambaye akisimama kwenye ua wa zizi huita kila jike kwa jina lake, la mama yake na la bibi yake mzaa mama, wala hakosei.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Tuliachana nikiwa mdogo, nimerudi mtu mzima, nikapanda njia ambayo gari liliikataa katikati na mapafu yakaikataa muda mfupi baadaye. Nilipofika langoni nilikuta ukoo wote umekusanyika kandokando ya zizi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuwavisha mitamba hereni za masikioni. Mama wadogo walilia kwa furaha, binamu wakanipokea mzigo. Yeye hakutikisika. Alinitazama kuanzia viatuni, akauliza huyu ni wa nani. Akaambiwa. Akasema kwamba yule alikuwa mdogo. Akaambiwa kwamba watoto hukua. Ndipo, badala ya kunipa mkono, alipovua glavu moja, akanishika kidevu, akaushusha mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba na kuanza kuhesabu meno.

Nasema alihesabu meno, tena kwa sauti. Kwa wasioifahamu kazi hiyo, ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Anayo manane ya chini tu, na humo ndimo mfugaji anamosoma umri. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota mnyama anapokaribia miaka miwili, kisha nyingine hufuata, mpaka yote manane yatimie akiwa na miaka minne au mitano hivi. Mhusika alipofika nane aliniachia kidevu, akawageukia ndugu zangu na kutangaza: "Huyu ameshajaza meno. Wa namna hii hapa hatumlishi, tunampeleka mnadani."

Zizi zima lilicheka. Walicheka mama wadogo waliokuwa wakilia. Walicheka watoto ambao hata majina yao nilikuwa sijatajiwa. Naapa kulikuwa na fahali mweusi nyuma ya ua aliyecheka pia, na mlima wa pili ukakirudisha kicheko hicho ili walioko bondeni wasipitwe.

Mengine sina haja ya kuyaeleza. Nililazwa katika chumba chenye baridi ya kugandisha mawazo, nikaamshwa kabla ya jua, nikabebeshwa chumvi ya kulamba hadi malisho ya juu, na hayo yote nilikuwa tayari kuyavumilia. Lakini kidevu, ndugu zangu! Kidole kilichotoka kushika sikio la mtamba kiliingia kinywani mwangu, nacho kilikuwa na ladha ya kile hasa mnachokifikiria. Tangu saa ile hadi naondoka niliitwa "aliyejaza meno", na hata aliyetaka nimsogezee kiti aliniita hivyo. Ninauliza: ndugu mliyepoteana naye miaka mingi hupokewa hivyo?

Malisho_ya_Juu amejibu:

Pole sana, mleta uzi, lakini kuna jambo halijakaa sawa. Binadamu ana meno manne tu ya kukatia kwenye taya la chini. Kama mzee alifika nane, basi ana haki ya kuuliza wewe ni wa nani.

Mpanda_Mlima amejibu:

Alihesabu mpaka ya pembeni. Ndiyo maana ninasema kidole kilifika mbali.

Sina_Mjomba amejibu:

Huyu mhusika ni nani? Umeandika kwamba tunamjua, nami simjui.

Mpanda_Mlima amejibu:

Unamjua.

Sina_Mjomba amejibu:

Simjui.

Mgeni_wa_Mwisho amejibu:

Mimi ninamjua, au kama si yeye basi ni pacha wake. Niliposhuka garini alinizunguka mara mbili akiwa kimya, kisha akamwambia mkewe kwamba mgongo umenyooka vizuri ila miguu ya nyuma ni dhaifu. Nina miguu miwili tu, na hadi leo sijajua alikuwa anamaanisha ipi.

Kichwa_Kinauma amejibu:

Mleta uzi analia kwa sababu ameshikwa kidevu, ilhali wengine hatukufika hata hatua ya kukaguliwa. Ndugu zetu wanafugia zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ina oksijeni ya asilimia 21 ileile, lakini mgandamizo wake umeshuka hadi karibu asilimia 70 ya ule wa ufukweni. Nilipanda kwa siku moja, na usiku huo kichwa kilinigonga huku ninatapika, nao wakasema kwamba mjini kumenidekeza. Binamu yangu mmoja, ambaye anajiona daktari kwa sababu anamiliki bomba la sindano, alinieleza kwa upole kwamba hata ng'ombe wanaotolewa nyanda za chini huugua huko juu: moyo huelemewa na kazi ya kusukuma damu kwenye mapafu, maji yakajaa kidarini. Baada ya maelezo hayo alinibonyeza kifua mbele ya watu ili aone kama nami nimeanza kujaa.

Mpanda_Mlima amejibu:

Wewe ulibonyezwa kwa nia ya tiba. Mimi nilifunuliwa mdomo na kupangiwa mnada.

Malisho_ya_Juu amejibu:

Mnadani usingefika mbali. Mnyama anayelalamika kiasi hiki hapati mnunuzi.

Lango_la_Pili amejibu:

Naomba tuache videvu, tuzungumzie malango, kwa sababu huko ndiko wageni tunakoonewa kweli. Nilikuta lango la malisho liko wazi, nikalifunga kwa mnyororo kama mtu mstaarabu. Kumbe liliachwa wazi kwa makusudi ili mifugo ishuke mtoni, na ng'ombe mmoja mkubwa anaweza kunywa zaidi ya lita 40 kwa siku. Jioni walikuwa wamejipanga nyuma ya lango wakiniita kwa sauti moja. Ndugu zangu hawajanisemesha tena vizuri, na kila salamu wanayonitumia inaishia na swali kuhusu lango.

Mgeni_wa_Mwisho amejibu:

Kanuni ya ranchi inajulikana: lango huachwa kama lilivyokutwa.

Kichwa_Kinauma amejibu:

Kanuni hiyo ina kasoro. Je, aliyepita kabla yako akiwa amekosea, nawe uendeleze kosa lake? Mimi niliacha lango wazi kama nilivyolikuta, mitamba wakachanganyika na fahali asiyetakiwa, na takriban miezi tisa baadaye nilipigiwa simu kujulishwa matokeo moja baada ya jingine.

Mpanda_Mlima amejibu:

Narudia kwamba alinishika kidevu.

Lango_la_Pili amejibu:

Tumesikia. Sasa, Kichwa_Kinauma, hao ndama walikuwa wangapi, na kwa nini ulaumiwe wewe wakati fahali mwenyewe hakuulizwa?

Kichwa_Kinauma amejibu:

Walikuwa wengi kiasi cha kunifanya nibadilishe namba ya simu. Fahali hakuulizwa kwa sababu yeye ni mwenyeji.

Sina_Mjomba amejibu:

Niruhusuni niulize kama mtu anayepanga safari ya namna hii. Lango likikutwa limeegeshwa tu, halijafungwa wala halijawa wazi, huachwaje?

Mgeni_wa_Mwisho amejibu:

Huachwa limeegeshwa.

Lango_la_Pili amejibu:

Hapana. Aliyeliegesha hakumaliza kazi, kwa hiyo unalifunga.

Mgeni_wa_Mwisho amejibu:

Sasa nimeelewa kwa nini hawakusemeshi.