Kutasa kabla ya kula mahindi mapya: nani anakumbuka ilivyofanywa?

BintiWundanyi
Shikamooni wakubwa. Mie nimelelewa Mikindani, lakini kwetu ni Wundanyi, milimani Taita. Nyanya yangu alikuwa hakubali mtu aonje mahindi mapya ya vuli kabla hatujakusanyika uani kwake. Jioni huchukua kibuyu cha pombe ya miwa, hupiga funda, akaipuliza chini huku akisema maneno yake, kisha kibuyu kinawazungukia watu wazima wote. Mwaka mmoja mjomba alikikataa kwa ugomvi wa mfereji wa maji. Hatukula. Kimanga kikapoa kwenye mafiga, mie nikalala na njaa mapajani mwa mama, mpaka mjomba alipokipokea usiku wa manane.

Mama ametutoka Novemba. Mahindi aliyoyapanda kwa mkono wake sasa yamekomaa, na tangu mazishi kaka yangu na mie hatusemezani. Nataka tufanye kama nyanya. Lakini sisi watu wa kanisa, pombe haiingii nyumbani. Nitumie nini? Na je, binti anaweza kuanza?

MzeeWaMbololo
Pole sana mwanangu. Nyanya yako alikuwa akitasa. Kiini chake si pombe, ni hasira. Wazee waliamini hasira iliyofichwa moyoni humdhuru hata asiyeijua: mtoto anaugua, ng'ombe anakauka maziwa. Kwa hiyo mtu anaitema mbele ya wenziwe, anatamka kwamba kama alikasirika, na yatoke. Ndiyo maana nyanya alimngoja mjomba; angekula naye na kinyongo kile, chakula kingekuwa cha nini?

Maji yanatosha. Maji ya miwa ni mazuri zaidi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na alitasa kwa maji miaka yake yote.

Kwetu huanza mkubwa wa nyumba. Kama kaka ndiye mkubwa, mpe yeye kibuyu kwanza. Ukianza wewe ataona umempokonya.

KijanaSagalla
Dada, pole. Kwetu Sagalla injili ilifika na mmisionari Wray mwaka 1883, na bibi zetu waliyaacha haya kwa moyo mmoja. Muite mchungaji abariki mavuno, yatosha.

MzeeWaMbololo
Mchungaji aje, karibu sana. Lakini akishaomba na kuondoka, hao ndugu wawili bado hawasemezani. Na tusichanganye mambo: hii si mwazindika, ile ni ngoma ya pepo na ina wenyewe. Wala si mambo ya fighi, misitu yetu ya kulinda kijiji. Hii ni ya uani.

KadzoKisauni
Mimi Mgiriama, nimesoma hapa machozi yakinilenga. Misitu ya kaya zetu, yaani makao ya kale ya wazee wetu, imeingizwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008 na tunajivunia, lakini haya ya uani hakuna anayeyawekea kibao. Fanya, dada. Na watoto wawepo waone, hata wakisinzia.

BintiWundanyi
Chawucha, asante mzee. Kaka ndiye mkubwa, sikuwa nimeliwaza hilo. Leo nimepita Kongowea nikanunua miwa minne. Nimempigia, hakupokea. Nimemwandikia: "Jumamosi napanda Wundanyi. Mahindi ya mama sitayagusa mpaka uje ushike kibuyu wewe kwanza." Ameusoma.