Mtoto wa kwanza ana selimundu: je, watatu wanaofuata watakuwa salama?

Mama wa Binti Mmoja:
Ndugu zangu, salaam. Binti yetu aligundulika kuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (SS), akiwa na miaka miwili, na sisi wazazi tulipopimwa tulikutwa wote ni AS, yaani wabebaji wasiougua. Kliniki tuliambiwa kwamba ni mtoto mmoja kati ya wanne. Mama mkwe ameishika hesabu hiyo na anasema kwamba fungu letu limekwisha kutoka, hivyo watatu watakaofuata watakuwa wazima. Moyo wangu unasita. Isitoshe, kwa kuwa upande wa mume wangu hakuna anayekumbuka mgonjwa, maneno yameanza kwamba ugonjwa nimekuja nao mimi.

Mwalimu wa Baiolojia:
Dada, pole kwa uuguzaji. Hesabu ni sahihi, ila imesomwa vibaya. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 46 katika jozi 23, na katika kila jozi moja ilitoka kwa baba na nyingine kwa mama. Jeni inayohusika na selimundu, ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), iko kwenye kromosomu ya 11. Kwako moja ina A, aina ya kawaida, na mwenzake ana S, aina ya selimundu. Mayai yanapotengenezwa kwa mgawanyiko uitwao meiosisi, jozi hizo hutenganishwa, kwa hiyo yai hubeba A au S, kamwe si zote mbili. Mbegu za mumeo nazo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana katika kila mimba uwezekano wa SS ni robo, wa AS ni nusu, na wa AA ni robo. Yai la mwezi huu halijui lile la binti yenu lilibeba nini. Uwezekano wa watoto watatu mfululizo kukosa ugonjwa ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kwa 64, ambayo ni takribani asilimia 42.

Kuhusu lawama, mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S moja kutoka kwa baba yake. Mwenye AS kwa kawaida haugui, kwa hiyo S inaweza kupita vizazi kadhaa kimyakimya. Tena mtoto mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954; hiyo ndiyo sababu S imeenea sana katika maeneo yetu yenye mbu.

Muuguzi Mstaafu:
Naongeza moja. Kuna kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kwamba S ipo, bila kutofautisha AS na SS, kwa hiyo ndugu wa mume wakienda kupima waombe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Na mkijaliwa mwingine, msisubiri dalili: miezi ya mwanzo himoglobini ya kichanga huuficha ugonjwa, ilhali dawa ya kuzuia maambukizi inapaswa kuanza mapema.

Msomaji:
Mbona jirani zangu wote wawili ni AS na wana watoto sita wazima?

Mwalimu wa Baiolojia:
Si ajabu. Ukizidisha robo tatu sita zenyewe kwa zenyewe, moja kwa kila mtoto, unapata karibu asilimia 18, kwa hiyo kati ya familia 100 za namna hiyo, takribani 18 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja. Hizo ndizo zinazosimuliwa kuwa zimepona kwa dawa fulani ya mitishamba.

Mama wa Binti Mmoja:
Ahsanteni sana. Nimemsomea mama mkwe majibu yote jioni hii. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama na yeye anaweza kupimwa katika umri wake.