Naomba ushauri: kadi ya EBT, nini inanunua na nini inakataa

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa kuwaelekeza familia za Wakongomani waliofika Marekani karibuni na kupewa kadi ya EBT (kadi ya kulipia dukani) yenye msaada wa SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula. Unga, maharage, mafuta ya kupikia, nyama na dagaa havina shida. Sabuni, nepi, dawa, pombe na sigara havinunuliki.

Utata uko kwa kuku wa kuokwa. Akiwa wa moto, chini ya taa ya kaunta, kadi inakataa. Kuku yule yule akishapoa na kuwekwa kwenye friji la duka, inakubali. Vitamini pia zinawachanganya: chupa yenye maandishi "Supplement Facts" (maelezo ya virutubisho vya nyongeza) hailipiwi kwa kadi. Mbegu za mchicha na miche ya nyanya zinaruhusiwa, na inasikitisha kwamba wengi hawaambiwi. Mbuzi hai haruhusiwi, ila akichinjwa kabla hujamchukua dukani, sawa.

Kikapu kikiwa na mchanganyiko, kadi inapitishwa kwanza, kisha kilichobaki kinalipwa taslimu. Je, mama asiyejua Kiingereza mnamwandikia nini cha kumwonyesha keshia ili asiaibike mbele ya foleni?

La pili, tangu Januari 2026 jimbo la Nebraska limezuia soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kununuliwa kwa SNAP, na jimbo la Iowa limezuia vyakula vinavyotozwa kodi ya mauzo, kwa hiyo huko pipi nazo zimeondoka. Mlioko huko, mnahakikishaje bidhaa kabla ya kufika kwenye malipo?