Waranti ya laptopu inaisha mwezi ujao, nipeleke ikaangaliwe ama niache?

Mama Wawili
Wadau habari zenu. Nilinunua laptopu mpya mwaka jana hapa tao, waranti ya mwaka mmoja, inaisha mwezi ujao. Haijaharibika kusema ukweli, inawaka na kazi inafanya, lakini feni inavuma kama posho mili hata nikifungua faili moja tu, betri ilikuwa inanipa masaa matano saa hii mawili na nusu inalilia chaji, halafu hinji ya kushoto ukifungua inatoa kamlio. Bwanangu anasema nikipeleka kitu kinafanya kazi watanicheka. Kuna mtu amewahi kupeleka hivyo? Na wakikaa nayo wiki mbili nitafanyia kazi wapi jameni, mimi nashika hesabu za watu.

Kevo_Rongai
Peleka dada, wacha wacheke. Mimi nilingoja nikijua niko na siku kadhaa, kumbe wao wanahesabu kutoka siku mashini ilitoka kwao na si ile siku nililipa dukani, nikafika nikaambiwa imeisha. Nikasumbuana nao hadi nikachoka. Ingia tovuti ya kampuni weka siriali namba, iko chini ya laptopu, utaona tarehe yao. Ikitofautiana na yako beba risiti ya ETR, mara nyingi hiyo ndio inakuokoa. Kama uliitupa, pole.

FundiWaNgara
Betri usiseme kwa mdomo, nenda na namba. Kama ni Windows fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, tafuta mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ni vile betri ilitoka kiwandani, ya pili ni vile imebaki. Lakini usijipe matumaini sana, kampuni nyingi betri kuchoka hawaiiti ubovu, soma karatasi yako ya waranti.

Mimi hapo kinanitisha ni hinji. Saa hii ni mlio tu, ikikaza zaidi itapasua plastiki ya kona na ukifika na plastiki imepasuka watakwambia uliangusha, hapo waranti imekufa. Piga video leo ukifungua na kufunga. Feni nayo, zima laptopu uiwashe tena, kama ni HP bonyeza F2 inapowaka, Dell ni F12, ina vipimo vyake yenyewe, ikikupa namba ya kosa piga picha.

Na tafadhali usipitie kwa mafundi wa Luthuli kwanza "wakuangalilie tu". Mtu akishafungua skrubu, wale wa waranti wanapata kisingizio.

Njeri_K
Bakapu!!! Hakuna amesema bakapu. Wakibadilisha diski vitu vyako vyote vimeenda, na hawakulipi faili. Kitu kingine, kama iko na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, andika ile rekava kii ya kuifungua mahali, mimi walibadilisha mazabodi nikarudishiwa laptopu inaniuliza namba 48 sina hata moja, nililia kwa matatu. Na usitoke hapo bila karatasi yenye tarehe na shida ZOTE zimeandikwa, si "laptopu iko na shida". Wakimaliza kurekebisha waranti ikiwa imeisha, hiyo karatasi ndio inasema ulikuja mapema.

Mama Wawili
Woi. Nimeweka siriali namba, kwao zimebaki siku 9! Risiti niko nayo, ilikuwa kwa Biblia. Betri 41,040 na imebaki 26,300. Kesho asubuhi niko huko, usiku huu nahamisha faili, wateja nimewaambia watafanyiwa kwa ile ya binamu yangu. Chaja nibebe ama?

FundiWaNgara
Beba, wataiitisha. Lakini iandikwe kwa hiyo karatasi pia, chaja hupotea huko kama soksi.