Mwalimu wa Voda Fasta, mwaka wa ishirini huu, kichwani bado ni daktari. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 39, nafundisha Bailojia na Kemia sekondari ya kata wilayani Nkasi, Rukwa. Nina mke, watoto watatu, nyumba nimeshaezeka, mkopo wa benki umebaki mdogo. Nataja haya mapema asije mtu akadhani ni njaa.

Nilimaliza kidato cha sita 2006, PCB. Daraja la pili, pointi 11: C ya Bailojia, D ya Kemia, D ya Fizikia. Nia ilikuwa udaktari, na kwa pointi zile Muhimbili nilikuwa naisikia kwenye redio tu. Mimi na jamaa niliyekaa naye dawati moja tukakubaliana tunarisiti, yaani tunarudia mtihani. Kipindi hichohicho shule za kata zinaota kila kona na serikali inatafuta walimu kwa udi na uvumba. Sisi wa kidato cha sita tukapigwa msasa wa wiki chache, tukapewa leseni, tukasambazwa mikoani. Ndio wale mliotubandika jina la Voda Fasta. Baba alikuwa ameshastaafu, wadogo zangu wanarudishwa nyumbani kwa ada. Nikaenda. Enzi hizo Tunduma hadi Sumbawanga ni vumbi mwanzo mwisho. Mwenzangu akarisiti, leo ni daktari.

Shahada niliipata baadaye Chuo Kikuu Huria, kazi naifanya vizuri, na wanafunzi wangu wanafaulu. Shida ni kwamba nikichora moyo ubaoni, mimi mwenyewe niko wodini. Maisha yale nimeyaishi mpaka nayajua kwa undani: chumba changu cha Upanga, Dar, zamu za usiku, sista mkali wa wodi ya watoto, mgonjwa wa Kigoma aliyerudi kunishukuru. Mwanangu alipolazwa na malaria, daktari kijana alikuwa anampima na mimi nimesimama pembeni namsahihisha kimoyomoyo. Mke wangu akaniuliza mbona unatingisha kichwa.

Sasa nafikiria kuomba kozi ya utabibu ya miaka mitatu. Nijilipue, au kuna dawa ya kuzima hii redio kichwani? Naomba kuwasilisha.

Kitasa:
Umeandika gazeti mkuu, ila nimelisoma lote. Nikuulize: ungerisiti, ungefaulu? 2006 vyuo vya udaktari vilikuwa vya kuhesabu, Muhimbili, KCMC, Bugando na vingine vichache, na foleni ndefu. Wewe unajipima na jamaa mmoja aliyepenya. Waliorisiti mwaka ule wakaambulia pointi zilezile wako wapi?

Mwalimu wa Zamu:
Nawakumbuka wawili. Mmoja ni mwalimu kama mimi, alianza kazi nyuma yangu.

Kitasa:
Basi ndio ujue, hayo maisha unayoyalilia hayakuchukuliwa na Voda Fasta. Yalichukuliwa na D ya Fizikia.

Dokta Porini:
Kitasa punguza makali kaka.

Mwalimu, mimi nilirisiti 2007, nikaingia chuo 2008. Mwaka wa mgomo wa madaktari, 2012, niko mwaka wa nne, tunakaa bwenini hatujui kama tutamaliza. Miaka mitano ya shule, mmoja wa mazoezi kwa vitendo, halafu kusubiri ajira. Wenzangu mliokwenda kufundisha mlikuwa mmeshajenga, na mimi nakopa nauli kwa dada yangu.

Lakini sitakuponda udaktari ili ulale vizuri. Naipenda hii kazi. Kuna usiku mtoto anakuja hapumui vizuri, asubuhi unamkuta anagombea uji. Ulivyoandika, huenda na wewe ungeipenda. Ulichokosa kipo kweli, na asikudanganye mtu kwamba ni cha kufikirika tu. Ila hiyo wodi yako ya kichwani haina karatasi za kujaza, haina dawa iliyoisha stoo, na hajafa mtu humo. Au yupo?

Mwalimu wa Zamu:
Hayupo. Sikuwahi kuliona hilo.

Mama Wawili:
Nasoma hapa moyo unanienda mbio. Mume wangu naye alikuwa na maisha yake ya pembeni. Siyo mwanamke, ni Urusi. Alipata nafasi ya kwenda kusoma uhandisi, haikutimia kwa mambo ya familia yao. Basi bomba likivuja, "ningekuwa mhandisi". Ugali ukiwa mlaini, "Urusi wanakula mkate". Nilikuwa nacheka. Siku moja nikakaa nikajiuliza: huko Urusi kwake mimi niko wapi? Simo. Wanangu hawamo. Kila akitamani kule, anatamani mahali ambapo sisi hatujazaliwa.

Sikusemi kwa ubaya shemeji. Mkeo alipokuuliza mbona unatingisha kichwa, ulimjibu nini?

Nyundo:
Tuache hisia kidogo, mimi niko utumishi halmashauri fulani. Utabibu ngazi ya stashahada wanaangalia cheti chako cha kidato cha nne: angalau D ya Kemia, Bailojia na Fizikia. Hapo uko salama. Pagumu ni kwa mwajiri. Lazima upate ruhusa ya masomo ya mkurugenzi, na ukiacha kipindi ukaenda bila ruhusa unakuwa mtoro kazini, miaka ishirini ya utumishi unaiweka rehani. Ukimaliza, kubadilishiwa kada hakuji kwenyewe. Panahitajika nafasi na kibali, na unaweza kuanzia ngazi ya chini huku vijana uliowafundisha wakikuongoza zamu. Utahitimu na miaka 42 au 43, kustaafu kwa lazima ni 60. Muda upo, hilo sikukatishi tamaa. Ada na matumizi ya nyumbani kwa miaka mitatu kaa chini upige mwenyewe.

Mwalimu wa Zamu:
Nyundo, ubarikiwe. Dokta pia.

Mama Wawili, sikumjibu kitu. Nilisema shingo inauma. Mke wangu nilimpata hukuhuku, alikuwa anauza duka la baba yake Namanyere. Cha ajabu kule Upanga kichwani nilikuwa naye, anapika, watoto wanakwenda shule ya karibu. Nilimhamisha bila kujiuliza ningemkutia wapi. Jana usiku nimemwambia yote, kuanzia chumba cha Upanga mpaka sista mkali. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akataka kujua huyo sista mkali ni mzuri au vipi. Tumekubaliana kozi isubiri mpaka mkubwa amalize kidato cha nne, ndipo tuone ada inaelekea wapi. Redio haijazima, ila amesema nikiiwasha nimsimulie na yeye.

Kitasa:
Huyo sista nami namuulizia.

Mchele Mbeya:
Nyundo, samahani nadandia uzi wa mtu. Mimi ni mwalimu wa msingi, nimeshapata chuo cha uuguzi, mwezi ujao naripoti. Ruhusa niliombea kwa mwalimu mkuu kwa mdomo, akasema niende tu.

Nyundo:
Mwalimu mkuu hana mamlaka hayo. Andika barua leo, ipitie kwake iende kwa mkurugenzi, nakala yenye mhuri wa mapokezi ubaki nayo. Usipande basi kabla majibu hayajatoka kwa maandishi.